Damu ya Kilifi na taasisi ya Hinxton: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Wanachukua damu ya watoto wetu wakaandike makala zao Ulaya, basi." Hayo husemwa kuhusu watafiti wa malaria huko Kilifi, pwani ya Kenya. Kuuliza damu inakwenda wapi ni haki ya mzazi, na lazima ajibiwe. Ila hilo "basi" si kweli.

Chukua Dantu, kundi la damu lililo adimu duniani lakini Kilifi linabebwa na takriban mtu 1 kati ya 10. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wa taasisi ya utafiti wa jeni ya Wellcome Sanger iliyoko Hinxton, Uingereza, na wenzao wa Afrika walionyesha kuwa linapunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 40. Kwa nini? Jibu lilikuja 2020, kutokana na damu ya watoto 42 wa Kilifi wasio wagonjwa. Chini ya hadubini, kimelea kinaigusa seli nyekundu, kinasukuma, kinateleza. Utando wa seli ya Dantu umekazika kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, kimelea hupenya kwa shida. Na jina la kwanza kwenye makala hiyo ni la Silvia Kariuki, mtafiti wa Kilifi.

Wengine wakisikia hivyo husema mwenye Dantu haugui malaria. Anaweza kuugua. Kinachopungua ni hatari ya malaria kali, kwa hiyo chandarua kibaki pale pale kitandani.

Wapo pia wanaoipima taasisi kwa wingi wa makala. Sanger, ikiongozwa na John Sulston, ilisoma karibu theluthi ya jenomu ya binadamu, yaani maelezo yote ya urithi yaliyomo kwenye seli zetu, lakini mimi naliheshimu zaidi jambo jingine: mwaka 1996 Sulston na wenzake walikubaliana kuwa kila kipande kikishasomwa kitolewe bure ndani ya saa 24. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kampala anaifungua data hiyo leo bila kulipa hata senti. Hesabu ya makala hailionyeshi hilo.

Halafu kuna haraka ya kudhani jeni ikigunduliwa, dawa iko njiani wiki ijayo. Mwaka 2002 Sanger iligundua kuwa hitilafu ya jeni ya BRAF imo katika nyingi ya saratani za ngozi aina ya melanoma. Dawa ya kwanza ya kuilenga hitilafu hiyo, vemurafenib, iliidhinishwa Marekani 2011. Miaka 9, na hiyo ni mbio. Kwa Dantu, wazo lililopo ni kutafuta dawa itakayoukaza kidogo tu utando wa seli, ili asiyezaliwa nayo apate kinga ile ile.