Akitoka soba anarudi kwa nani?

Wazazi wengi wenye kijana anayetumia unga, yaani heroini, wakija kwetu swali lao ni moja, nimpeleke soba, zile nyumba wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya, nimpeleke kwenye methadoni au kwa shehe akamsomee? Kama vile lazima uchague. Mimi nawajibu kila kimoja kina kazi yake, ila kila kimoja kina mahali kinaishia, na pale kinapoishia ndo tunawapoteza vijana.

Chukua methadoni, dawa ya hospitali anayopewa mtu badala ya unga. Ilianza Muhimbili 2011, ikaja Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na mikoa mingine, na hailipiwi. Mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, inatulia mpaka kesho. Sawa, lakini saa tatu asubuhi keshamaliza, kazi hana, nyumbani akiingia wanaficha mpaka sufuria, sasa unategemea aende wapi kama sio maskani kwa wenzake walewale? Hapo daktari hana dawa. Hapo anatakiwa mjumbe, anatakiwa fundi wa gereji atakayekubali kukaa nae, na mama ambaye kaelezwa vizuri kwamba methadoni sio unga kwa jina lingine, maana hili nalisikia sana na linauma, kijana kaacha sindano kaacha wizi halafu ndugu zake bado wanamwita teja.

Soba nako hivyohivyo. Akikaa miezi bila kutumia mwili unauzoea ule usafi, haubebi tena kiwango cha zamani. Siku akitoka akateleza, akajidunga kile kipimo chake cha mwanzo, anaweza kuacha kupumua na kufa usiku uleule. Kila familia iambiwe hili kabla ya kumpokea, sio baada ya msiba. Soba wawaite ndugu mapema, wakubaliane na kijana mwenyewe nani atakuwa nae wiki za mwanzo, na kama anahitaji methadoni aunganishwe kabla hajatoka getini.

Shuleni pia, kuwatisha watoto kwa picha za mateja peke yake hakusaidii sana, mwalimu anayeona utoro umeanza na kumpigia mzazi siku hiyohiyo anafanya kazi kubwa zaidi.

Kwahiyo kikao cha mtaa kikiitishwa liombeni hili liwe ajenda, mwenyekiti, mwalimu, shehe, mchungaji, muuguzi na mtu aliyewahi kutumia akaacha wakae pamoja. Mkikosa pa kuanzia, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wanapokea simu bure, 119.