Mwamba uliobana na mwamba unaopitisha: gesi ya kina na maji moto

Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa jiwe la tumbawe, na kisiwa chenyewe kimekalia jiwe hilohilo. Lina matundu yaliyofunguana, ndiyo maana visima vingi vya hapa huonja chumvi: bahari imejipenyeza.

Hapo pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwamba kuwa na nafasi ndani si sawa na nafasi hizo kuungana. Upitishaji, yaani urahisi wa maji au gesi kupenya mwambani, hupimwa kwa kipimo kiitwacho milidarsi, na mwamba wa gesi ukiwa chini ya milidarsi 0.1 huitwa mwamba uliobana. Mara nyingi uko mbali sana chini. Kaskazini mwa Ujerumani, mchanga wa namna hiyo hufikiwa kwenye mita 4,000 na zaidi. Uzito wa juu umeushindilia na madini yameziba vinjia. Gesi imo, ila haitoki mpaka mwamba upasuliwe kwa maji ya shinikizo.

Maji moto ni habari nyingine. Chini ya Paris kuna mwamba wa chokaa unaopitisha, kwenye mita 1,500 hadi 2,000 hivi, wenye maji ya nyuzi 55 hadi 85. Mji wa Melun, jirani yake, umekuwa ukipasha nyumba joto kwa maji hayo tangu 1969. (Mombasa nani angetaka kupashwa joto? Lakini Ulaya ni baridi.)

Basi mbona wachimbaji wa maji moto wasishuke zaidi, kama wa gesi, ilhali joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita? Kwa sababu joto peke yake halitoshi. Gesi ni nyepesi kutiririka kuliko maji, tena ikiwa imeshinikizwa huko chini, lita yake moja hubeba nishati mara makumi kuliko lita ya maji moto. Kisima cha gesi kikichuruzika tu, bado kinalipa. Cha maji kinahitaji makumi ya lita kila sekunde. Kwenye mwamba uliobana, pampu ingekula faida yote. Kwa hiyo kisima cha gesi kilichokauka hakigeuki hivihivi kuwa cha maji moto.

Olkaria, eneo la mvuke wa ardhini karibu na Naivasha linalotoa umeme tangu 1981, halimo katika makundi haya: kule joto ni la volkano.

Tofauti nyingine ni hatima. Gesi huchomwa ikaisha. Maji ya Paris yana chumvi, hivyo yakishatoa joto hurudishwa chini kwa kisima cha pili, yakapate moto tena.