Mgonjwa wa Moyo Mpana Anahitaji Kutembea

Wagonjwa wengi wa moyo kushindwa kufanya kazi, ugonjwa ambao hapa Moshi watu huuita moyo mpana, hufika kwangu kwenye fiziotherapia wakiwa wamekwisha kukatazwa kila kitu na watoto wao: wasifagie uwanja, wasiende kihambani kukata majani ya ng'ombe, wasipande hata njia ya kanisani. (Jina hilo halifai kila mara, kwa kuwa moyo unaweza kushindwa kazi bila kutanuka.) Watoto hao wanampenda mzazi wao na siwalaumu, kwani kwa miongo mingi hata madaktari waliagiza mgonjwa wa namna hii alale kitandani.

Kulala nako kuna gharama. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani kwa wiki tatu, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye ilionekana kwamba wiki zile tatu ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka yote 30 ya kuongezeka umri. Ikiwa kitanda kilifanya hivyo kwa kijana mzima, tufikirie kinavyomfanya mama wa miaka 68 ambaye moyo wake umekwisha kudhoofika.

Utafiti mkubwa wa mazoezi kwa wagonjwa hawa, uitwao HF-ACTION, ulichapishwa mwaka 2009 ukiwa na washiriki 2,331 kutoka Marekani, Kanada na Ufaransa, wote wakiendelea na dawa zao. Nalazimika kueleza matokeo yake kwa uaminifu, kwa sababu wapo wanaoyatia chumvi. Hatari ya kufa au kulazwa hospitali ilipungua kwa 7% tu, kiasi ambacho kingeweza kutokea kwa bahati. Ni pale watafiti walipozingatia tofauti za wagonjwa zilizokuwapo tangu mwanzo ndipo nafuu ilipofika 11% na kuaminika. Wengi wa waliopangiwa mazoezi hawakufikisha dakika zao za kila wiki, jambo ambalo kwa maoni yangu lilipunguza nguvu ya matokeo. Lakini mambo mawili yalionekana wazi: mazoezi hayakuwadhuru, na wagonjwa waliishi maisha yenye unafuu zaidi.

Nafuu hiyo hutoka wapi? Ndugu wengi huishikilia asilimia iliyoandikwa kwenye majibu ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), yaani sehemu ya damu ambayo moyo husukuma nje kwa kila pigo, kana kwamba ndiyo hukumu, ilhali asilimia hiyo haitabiri vizuri mgonjwa ataweza kutembea umbali gani. Sehemu kubwa ya tatizo imo miguuni. Misuli ya mapaja husinyaa, mitokondria zinazochoma sukari na mafuta ndani yake hupungua, na mishipa midogo ya damu hushindwa kutanuka inavyopaswa, hivyo mguu huchoka na pumzi hukatika mapema. Mazoezi hurudisha sehemu ya kilichopotea, na ndiyo maana mgonjwa huweza kupata nguvu ilhali eko yake haijabadilika sana. Aliye na kisukari pia, nao ni wengi, hupata faida nyingine, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu.

Si kila mgonjwa aanze leo. Ambaye miguu imevimba upya, aliyeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, aliyezimia, au anayeumwa kifua akiwa ametulia, arudi kwanza kwa daktari wake. Aliyetulia na dawa zake namwanzisha kwa dakika tano mahali tambarare, mara mbili kwa siku, kwa mwendo unaomruhusu kusema sentensi nzima bila kukatisha, kisha naongeza dakika chache kila wiki.

Kwetu shida ni hiyo tambarare. Mama mmoja wa Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, aliniambia, “Mwanangu, kwangu nikitoka mlangoni ni kupanda au kushuka.” Tulikubaliana azunguke nyumba yake, akipumzika kwenye kiti kila mzunguko, na kwenye kiti hicho ainuke na kuketi mara tano bila kushika kitu. Mtoto wake aliyekuwa akimkataza ndiye sasa anayehesabu mizunguko.