Tiba ya kinga na homoni: uchovu usiotoka kwenye ini

Januari, jua la Nairobi likichoma mabati, mjomba wangu alikuwa amevaa sweta na kujifunika blanketi. Anatibiwa saratani ya ini, kwa hiyo sote tulisema ni ini tu. Kumbe ilikuwa tezi ya shingoni.

Dawa anazotundikiwa kwa dripu kila baada ya wiki 3 ni za tiba ya kinga, yaani imunotherapi. Si kemo. Chembe nyeupe za damu zina breki zinazozizuia kuushambulia mwili wenyewe, na saratani hujikinga kwa kuzikanyaga breki hizo. Dawa huzilegeza. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha atezolizumab, dawa ya aina hii, pamoja na bevacizumab, inayozuia uvimbe kuota mishipa ya damu, kwa saratani ya ini isiyoweza kupasuliwa.

Breki zikishalegea, chembe hizo zinaweza kuvamia hata viungo vizima, zikiwemo tezi za homoni. Thairoidi, ile ya shingoni, ndiyo huguswa zaidi. Mara nyingi kwanza humwaga homoni ovyo: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka. Wiki kadhaa baadaye inaishiwa, na hapo ndipo baridi, uchovu na choo kigumu huingia. Kongosho likishambuliwa, jambo ambalo ni nadra, kisukari huja kwa kasi na mgonjwa huhitaji insulini.

Ya kuogopwa zaidi ni upungufu wa kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi na kushikilia presha, pale tezi za juu ya figo, au pituitari iliyo chini ya ubongo, zinapoguswa. Mgonjwa anatapika, anapata kizunguzungu, presha inashuka. Huyo apelekwe hospitali usiku huohuo, na daktari aambiwe mapema kwamba yuko kwenye tiba ya kinga.

Kinachoniuma ni jinsi uchovu wa homoni unavyofanana na wa saratani. Kipimo cha damu cha homoni za thairoidi, TSH (inayoiamuru tezi) pamoja na T4 (inayotoka kwenye tezi), ndicho hutenganisha uchovu huu na ule. Ulizeni kama kimefanywa kabla ya dripu. Tezi iliyoharibika mara nyingi hairudi, lakini homoni yake hupatikana kwa kidonge, na kwa kawaida matibabu ya saratani huendelea.

Mjomba humeza kidonge hicho, levothyroxine, alfajiri, tumbo likiwa tupu. Chai husubiri nusu saa, na sweta siku hizi liko kabatini.