Kwa nini tunakuuliza habari za jino linalocheza

Mama aliyepanda meli Nansio kuja Mwanza kutolewa tezi la shingo huja na maswali yake: kovu litakuwaje, nyuzi zitatolewa lini. Daktari wa usingizi yeye anamwambia, "Mama, hebu fungua mdomo. Kuna jino linalocheza?" Mama anacheka. Lakini jino hilo likichomoka tunapoingiza mpira wa kupumulia, linaweza kuishia kwenye pafu.

Ukipasuliwa mguu, njia yako ya hewa ni ya mtu wa usingizi peke yake. Kwenye koo, mdomo na shingo anagawana na mpasuaji. Uso umefunikwa shuka, mpira hauonekani, na anayeulinda amesogezwa pembeni. Kwa tezi tunaweka mto chini ya mabega ili kichwa kilale nyuma, na hapo ndipo pa kuogopa. Mpira huifuata pua: kidevu kikiinama, unazama, kikiinuka, unapanda na unaweza kuchomoka. Ndiyo maana kichwa kikishatulia tunasikiliza upya mapafu yote mawili, tunasoma namba ya mpira ilipo mdomoni (mara nyingi sentimita 21 kwa mwanamke, 23 kwa mwanamume), kisha macho hayabanduki kwenye mstari wa hewa ya ukaa kwenye skrini, unaopanda na kushuka kila pumzi. Mstari huo ukilala, tunaushika mpira kwanza.

Halafu kuna moto. Oksijeni nyingi, kifaa cha umeme cha kuziba mishipa ya damu, na mpira wa plastiki vikikutana kooni, ni kama jiko la mkaa lililopepewa. Mpasuaji hutangaza kabla ya kukiwasha, nasi tunashusha oksijeni chini ya asilimia 30 mgonjwa akiimudu. Maji ya chumvi huwa tayari mezani.

Wewe tuambie yafuatayo bila haya: meno bandia, kukoroma hadi pumzi kukatika, sauti iliyobadilika, au kwamba siku hizi hulali chali mpaka uegemee mito mitatu. Chakula mwisho muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Uji ni chakula. Bibi aliyemwonea huruma mjukuu wa mafindofindo akamnywesha kikombe aseme tu. Tutasogeza muda, hatutamgombeza.

Ukiamka, koo kuwasha siku moja mbili ni kawaida. Shingo ikivimba au pumzi ikaanza kukoroma, mwite muuguzi hapohapo, hata kama ni usiku wa manane.