Kupokea simu tu hakumalizi pesa zako

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: "Usipokee simu ya namba hii, ukisema 'haloo' tu pesa zote za kwenye simu zinahamishwa." Si kweli. Ili pesa itoke, lazima namba ya siri iingizwe. Ukiingiwa na wasiwasi baada ya simu kama hiyo, fungua menyu mwenyewe uangalie salio na miamala ya mwisho.

Mkanganyiko unatoka wapi? Waliotapeliwa kweli walipokea simu. Kilichowaponza kilifuata dakika chache baadaye: "Mama, pesa imeingia kwako kimakosa, hebu nisomee tarakimu ulizotumiwa." Wakasoma, kumbe hizo ni tarakimu za uthibitisho zinazomwezesha tapeli kuingia kwenye akaunti yao. Wakisimulia, simu hutajwa kwanza. Zile tarakimu hupita kimyakimya (aibu nayo ipo).

Kutomtajia mtu namba ya siri wala tarakimu ulizotumiwa ni tahadhari. Kutoirudia simu ya nje ya nchi iliyolia mara moja ikakatika pia, maana kuipigia kunaweza kukomba salio la maongezi. Lakini kukata kila namba ngeni? Mwanao kalazwa, muuguzi anapiga, nawe unabonyeza chekundu.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, usiusambaze. Mweleze taratibu aliyekutumia, kisha ufute.