Cheti Chako Si Rehani ya Karo

Mama mmoja alifika ofisini kwetu na mwanawe, mkononi ana bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani mlikuwa na hati ya matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili Kenya, iliyokunjwa na kukunjuliwa hata wino umefifia kwenye mikunjo, na karatasi ya shule yenye salio la karo: shilingi 38,400. Kijana alimaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita. Alikwenda kwenye usajili wa jeshi akarudishwa, kwa kuwa pale uwanjani wanataka vyeti halisi, na chake shule imekizuilia mpaka salio lilipwe. "Mwanangu," mama akaniambia, "tusaidie tumwombe mwalimu mkuu atuhurumie."

Nilimjibu, "Mama, hapa hatuombi. Tunadai."

Mimi ni wakili wa haki za watoto, na swali la kama elimu ni haki au ni bahati ya wenye nacho hunijia kila wiki kwa sura ya cheti kilichofungiwa kabatini. Hisani huombwa, na mwenye nayo akikataa unashukuru na kwenda zako. Haki hudaiwa, na anayeikataa lazima aeleze kwa nini.

Katiba ya Kenya ya 2010 imelisema waziwazi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu, na cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Wengi wakisikia "elimu ya msingi" hudhani ni shule ya msingi peke yake. Sivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inahesabu kuanzia chekechea hadi shule ya upili, kwa hiyo kidato cha nne kimo.

Tunajua pia karo inafanya nini ikiondolewa. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilipofutwa, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Watoto hao zaidi ya milioni moja hawakuzaliwa Januari ile. Walikuwepo vijijini siku zote, wakichunga na kulea wadogo zao.

Upili ndiko mambo yanakokwama. Serikali imepanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma, lakini fedha hizo mara nyingi huchelewa, na zikifika huwa pungufu. Ada ya bweni ni mzigo wa mzazi, na katika shule za kitaifa kiwango kilichowekwa kimefika shilingi 53,554 kwa mwaka. Anayeshindwa huelekezwa kwenye basari, yaani msaada wa karo. Na basari zetu hutolewa vipi? Mwanasiasa anasimama jukwaani na hundi kubwa ya karatasi, wazazi wanapiga makofi, watoto wanapanga foleni kumshukuru. Fedha ni za umma. Mtoto aliyeshukuru namna hiyo tangu kidato cha kwanza atajuaje kwamba alikuwa akipokea chake? Mazoea haya yananiuma kuliko upungufu wenyewe wa fedha.

Turudi kwenye cheti. Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya 2012, kifungu cha 10, inasema cheti hakitazuiliwa na mtu yeyote wala taasisi yoyote. Baraza ndilo linalokitoa na mtahiniwa ndiye mwenyewe. Shule ni njia ya kukifikisha tu. Wizara ya Elimu nayo imeagiza zaidi ya mara moja vyeti viachiliwe.

Simlaumu kila mwalimu mkuu. Nimekaa na mmoja akanionyesha madeni ya mahindi, maharagwe na kuni, na wauzaji wanampigia simu usiku. Deni la shule ni deni la kweli. Lakini deni hudaiwa kama madeni mengine, kwa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo au kwa kesi ya madai dhidi ya mzazi. Kumfungia kijana njia ya kazi hakuleti hata shilingi moja, maana ndiye ambaye angepata mshahara akalipa.

Kama cheti chako kimezuiliwa, andika barua kwa mwalimu mkuu. Taja jina, nambari ya mtihani na mwaka, taja kifungu cha 10 cha Sheria ya Baraza la Mitihani, kisha uombe ujibiwe kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na uzoefu wangu ni kwamba ni wachache wanaothubutu kuiandika sababu hiyo. Nakala mpelekee mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Ukipuuzwa, nenda ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ambako kulalamika ni bure. Mahakama pia iko wazi: kifungu cha 22 cha Katiba kinakataza kutozwa ada ya kufungua kesi ya haki za kikatiba.

Barua ya yule kijana tuliiandika palepale, na mama akataka asomewe mara mbili kabla hajaiweka bahashani. Tulitoa nakala mbili, moja ya shule na moja ya kugongwa muhuri wa kupokelewa. Hiyo ya pili usiiache kwa katibu wa shule hata akikuahidi kukutunzia. Rudi nayo nyumbani.